Dija Yuko Peponi

Wiki iliyopita walikuja vijana wa kuziba mashimo ya barabara yetu, wakawasha moto chini ya pipa la lami karibu kabisa na ukuta wangu. Majirani walifunga madirisha na kulalamika. Mimi nilitoka nje, nikasimama upande ule ule moshi ulikokuwa unaelekea, nikaivuta ile harufu mpaka kijana mmoja akaniona. "Shikamoo bibi. Sogea huku, utaumwa kifua." Nikamwitikia marahaba, na sikusogea. Ningemweleza nini mtoto wa watu mwenye kazi yake? Kwamba kuna miezi ya utoto wangu ambayo mtaa mzima ulinuka lami asubuhi mpaka jioni, hata uji ukawa unanuka lami, na kwamba mpaka leo nikiisikia harufu hiyo naangalia miguu yangu nimevaa nini?

Ninyi wa rika langu mtanielewa. Uhuru ulikuwa bado mpya, watu wanaitana ndugu bila kucheka, na sisi tulikuwa wageni wa Temeke. Tulitoka Newala, tukapanga chumba mwisho kabisa wa mtaa, mahali ambapo nyumba zilikuwa zinaisha na mikorosho inaanza. Baba alikuwa mchonga vinyago. Alikaa uani na tezo lake na gogo la mpingo, na akimaliza kazi aliibeba kwenda kuiuza mjini kwa Wazungu ambao, alisema, walipenda shetani mwenye sura mbaya kuliko binadamu mwenye sura nzuri. Mama alikijua Kiswahili cha kununulia dagaa, basi. Nyumbani tulisema Kimakonde, na Jumapili tulikwenda kanisani, ambako nilijifunza kwamba mtu mwema akifa huenda mbinguni. Neno hilo nilikuwa nalo. Nalitaja mapema kwa sababu ndilo lililoniponza.

Kiswahili nilifundishwa na Dija. Jina lake lilikuwa Hadija, mtoto wa nyumba ya pili, na alikuwa mwalimu mkali asiyelipwa. Mimi nilikuwa natamka ra kama la, na hilo lilimpa raha kubwa maishani mwake.

"Anje, sema barabara."

"Balabala."

"Mama! Njoo umsikie Anje anavyosema!"

Na Mama Dija, aliyekuwa akikaanga vitumbua barazani, alicheka kila mara. Jamani, yule mama alikuwa na kicheko. Kilianzia tumboni, kikapanda, kikavuka ua, na watu wa nyumba ya tatu wakaanza kucheka bila kujua wanacheka nini. Alikuwa ameachwa na mumewe, aliyerudi zake Kilwa, na Dija ndiye mtoto wake pekee. Vitumbua vya kwanza kutoka kwenye chuma havikuuzwa. Alitupa sisi wawili, kila mmoja kimoja, tukivirusha mkono huu na ule kwa sababu vinaunguza.

Siku moja Dija alinifunulia siri kubwa ya Kiswahili. Aliniketisha chini kabisa kama mwanafunzi wa darasa la kwanza.

"Ukitaka kusema mtu yuko ndani ya kitu, kitie ni. Jiko, jikoni. Soko, sokoni. Haya, shimo?"

"Shimoni!"

"Chungu?"

"Chunguni!"

"Umeshakuwa Mswahili," akasema, na akanipa mkono kwa heshima, kama alivyofanya Mjumbe wa nyumba kumi akimkaribisha mwanachama.

Nakumbuka pia siku ya kisulisuli. Kiangazi kile vilikuwa vinapita vingi, vile vya vumbi, vinazungusha majani na karatasi kwenye uwanja halafu vinakufa vyenyewe. Nilitaka kukikimbilia kimoja nicheze nacho. Dija akanivuta gauni mpaka likachanika begani.

"Una wazimu? Humo ndani mna pepo. Ukikisogelea kinakubeba."

"Kinanipeleka wapi?"

"Huko huko kwao."

"Halafu sirudi?"

Dija hakupenda kuulizwa jambo asilolijua. Alifikiri kidogo, akanyanyua mabega. "Utarudi. Kikichoka kitakurudisha."

Basi. Hayo ndiyo yalikuwa masomo yangu, na niliyashika vizuri.

Alasiri Dija alikwenda chuoni kusoma Kurani. Chuo chenyewe kilikuwa banda la mawe na udongo, lenye boriti nene na paa la madebe yaliyokunjuliwa, na mwalimu wao mzee aliyekuwa akisinzia huku anasikia kila kosa. Mimi sikuwa wa dini yao, lakini sikuwa na pa kwenda bila Dija. Nilimsindikiza mpaka mlangoni, nikamngoja chini ya mkorosho uliokuwa ng'ambo ya uwanja. Wanafunzi waliacha viatu nje. Mimi sikuwa na viatu vyovyote, na Dija alikuwa na kandambili za buluu, mpya, kubwa kuliko mguu wake kwa sababu mama yake alizinunua ili akue nazo. Kila alasiri alizivua mlangoni, akanisukumia kwa kidole cha mguu.

"Zivae mpaka nitoke. Usizitie matope."

Kwa muda wote wa somo nilikuwa mtu mwenye viatu. Nilitembea huku na huku kwenye uwanja nikizipiga chini, kapa kapa, ili dunia isikie.

Siku yenyewe ilikuwa na joto baya. Hapakuwa na upepo hata wa kutikisa jani, na kuku walikuwa wamejikusanya ukutani kama wamegombezwa. Wingu lilitokea upande wa Mtoni, jeusi lenye kijani kwa chini, na kutoka kwenye wingu hilo nikaona kitu kinashuka, chembamba, kinajipinda, kinatafuta ardhi. Nilikijua mara moja. Kilikuwa kisulisuli, isipokuwa hiki kilikuwa baba yao wote. Kilipogusa chini kikaanza kunguruma kama mashine ya kusaga inayosaga mawe. Ndani ya chuo watoto walikuwa wanasoma kwa pamoja, na nilizisikia sauti zao mpaka zilipofunikwa.

Niliukumbatia mkorosho. Niliona mkeka unapita juu yangu, na kuku, na mlango mzima na komeo lake. Niliona paa la chuo linanyanyuka upande mmoja kama kifuniko cha sufuria inayochemka, halafu madebe yakachomoka moja baada ya jingine na kupanda juu, yakizunguka, yakipiga kelele. Vumbi likanijaa machoni, nikayafumba. Nilipoyafumbua, mkorosho ulikuwa na matawi ya upande mmoja tu, na pale penye chuo palikuwa na kichuguu cha mawe. Nilikuwa bado nimevaa kandambili.

Mama alinikuta hapo hapo. Alinifunika kichwa kwa khanga yake, akaninyanyua, na akanikimbiza nyumbani bila kuniruhusu nione kitu. Kupitia khanga nilisikia watu wakiita majina ya watoto wao. Baba alikwenda kule na tezo lake kukata zile boriti. Aliporudi alinawa mikono kwa muda mrefu mno, maji yakaisha kwenye ndoo, naye akaendelea kusugua. Baada ya hapo hakugusa mpingo kwa miezi, na alipoanza tena kuchonga, hakuchonga shetani tena, ingawa Wazungu walimwomba.

Mtaa wetu ulizika watoto wa chuo, na mwalimu wao, na watu wazima walioangukiwa na nyumba. Kuna nyumba iliyotoa majeneza zaidi ya moja. Kuna baba aliyekuwa kazini bandarini, akashuka kwenye basi jioni akiwa na mkate kwapani, akauliza kuna nini mbona watu wengi. Wanaume walikwenda makaburini, wanawake na watoto tulibaki, ndivyo ilivyokuwa desturi ya wenzetu. Mimi kwa hiyo sikuona maiti, sikuona sanda, sikuona kaburi. Nilichoona kwa macho yangu ni vitu vikipaa.

Mjumbe wetu wa nyumba kumi alikuwa mtu wa hotuba. Neno kujitegemea alikuwa akilitamka kama mtu anayekula embe. Katika nyumba zake kumi haikubaki hata moja yenye paa zima, ya kwake ikiwamo. Alipanda juu ya gogo, akasema, "Ndugu wananchi," akatutazama, akashindwa. Akashuka na kuanza kuokota madebe. Watu wakamfuata, na yote yaliyopatikana yakarundikwa uwanjani. Wachache wakaanza kuchagua, hili langu, nalijua kwa kovu lake, na lile pale ni langu.

"La nani, la nani!" Mjumbe akafoka, na sauti yake ikakatika. "Mvua itawauliza la nani? Tunaanza na wenye misiba. Tunaanza kwa Mama Dija."

Mzee Seif, Mwarabu wa duka la kona, alikuwa na pipa la lami aliloliweka kwa ajili ya paa lake. Alilibingirisha mwenyewe mpaka uwanjani, kanzu imechafuka. Wakalichemsha hapo, wakawa wanaziba matundu ya misumari. Hiyo ndiyo harufu yangu.

Mama Dija alikaa kwenye mkeka wa matanga, mgongo ukutani, macho makavu. Hakulia na hakusema, na chakula walichomletea alikitazama kama anatazama kitu cha mtu mwingine. Wanawake wakaanza kuogopa. Niliwasikia wakinong'ona na mama yangu, kwa Kiswahili chepesi ili aelewe.

"Kilio asipokitoa kitamla huyu. Siku ya ngapi hajatia kitu mdomoni? Atamfuata mwanawe, mtaniambia."

Kisha mwanamke mmoja mzee akamshika Mama Dija magoti, akamwambia kwa upole, "Shukuru Mungu, mwanangu. Mtoto hana dhambi yule. Dija wako yuko Peponi."

"Yuko Peponi," wengine wakaitikia. "Peponi, inshallah."

Nilikuwa nimelia siku zote hizo. Nilikoma papo hapo. Jiko, jikoni. Soko, sokoni. Pepo, peponi. Kumbe hakufa! Angekuwa amekufa wangesema yuko mbinguni, neno ambalo kila mtu kanisani kwetu alilijua. Dija alikuwa ndani ya upepo, pamoja na pepo wenyewe, na yeye mwenyewe aliniambia kwamba ukichoka utamrudisha. Niliwashangaa watu wazima. Wanajua mtoto alipo, wanalisema wazi, halafu wanakaa wanalia badala ya kwenda kumpokea.

Jioni ile nilikula ugali mpaka mama akanigusa paji la uso. Nilizipangusa kandambili kwa maji na jivu, nikaziweka chini ya kitanda, pekupeku mwenyewe, kwa sababu somo lilikuwa limekwisha na vilikuwa viatu vya mtu. Jambo lililonisumbua ni mapaa tu. Baba na wenzake walikuwa wanayafunga, wanagongea misumari, wanapaka lami, wanaweka mawe juu. Nikamwuliza baba kama hawawezi kuacha tundu. Akaniuliza la nini. Nikasema la kuingilia mtu. Alinitazama, nyundo mkononi, akasema niende nikamsaidie mama.

Nilianza kwenda uwanjani kila alasiri, saa yetu ya chuoni, nikakaa kwenye kichuguu cha mawe na kandambili mapajani. Watu walipita wakanihurumia. Mama Dija alikuwa anaonekana kutoka hapo, barazani kwake, kwa sababu wanawake walimtoa nje apate hewa. Alikuwa akinitazama, au akitazama mawe. Sikujua. Alikuwa amekonda hata bangili zikawa zinamteleza mpaka kwenye kiganja.

Kikaja. Kilikuwa kidogo, cha vumbi tu, cha kiangazi, kilizaliwa kwenye mikorosho na kuingia uwanjani kikitembeza majani. Zamani watu wasingekijali. Sasa mtaa wote ulipiga kelele. Kina mama wakawanyakua watoto, milango ikafungwa, mtu akaanguka kutoka kwenye ngazi na kopo la lami. Mimi nilisimama. Nilikuwa na furaha ambayo sijapata kuwa nayo tena, na sioni haya kusema hivyo. Nikakikimbilia nimezinyanyua kandambili juu ya kichwa.

"Dija! Dija! Viatu vyako hivi hapa!"

Vumbi lilinifunika. Nikageuka huku na huku, nikanyoosha mikono, nikashika majani. Halafu kitu kikanidaka kiunoni kwa nguvu, nikasema moyoni ndiye, na kilikuwa mkono wenye bangili. Mama Dija alikuwa ametoka barazani, yeye ambaye walikuwa wanamshika kwapa kumpeleka msalani, akavuka uwanja mbio na kuingia ndani ya kile kisulisuli. Alinikumbatia mpaka kikapita. Kichwa chake hakikuwa na khanga, nywele zimejaa vumbi.

"Unafanya nini wewe? Unataka kufa?"

"Nampokea Dija. Si mmesema yuko peponi?"

Nilidhani atanipiga. Badala yake aliniinamia, uso wake karibu kabisa na wangu, akaangalia kule kisulisuli kilikoelekea, akanirudia. Akaniuliza, kwa sauti ndogo kama ya mtoto mwenzangu:

"Umemwona?"

Mpaka leo, mtu mzima na wajukuu, swali hilo likinijia nikiwa napika inabidi nikae chini.

"Vumbi lilikuwa jingi," nikamwambia.

Mama Dija akakaa kwenye mchanga, akanipakata, akaanza kulia. Alilia kama alivyokuwa akicheka, kutoka tumboni, kilio kikapanda, kikavuka ua, na nyumba ya tatu wakatoka nje nao wanalia. Wanawake wakaja mbio. Yule mwanamke mzee akazisikia habari zangu, akashika kichwa.

"Maskini! Haelewi. Mwambieni mtoto Peponi ni wapi."

"Mwacheni," Mama Dija akasema katikati ya kwikwi. "Mwacheni angoje. Tuwe wawili."

Kisha akazichukua kandambili mkononi mwangu, akazipangusa kwa khanga aliyojifunga kiunoni, akanivalisha, mguu huu, halafu mguu huu. "Zivae mpaka atoke," akasema. Maneno yale yale. Sijui kama aliwahi kumsikia mwanawe akiniambia hivyo, au kama ni usemi aliourithi Dija kwake. Jioni aliomba uji, akaumaliza.

Nilizivaa kila siku, na kila upepo ulipovuma nilitoka nje, nikimkuta Mama Dija naye katoka, kasimama barazani na upawa mkononi. Tulitazama tu mpaka upepo utulie, halafu yeye akarudi kwenye vitumbua vyake na mimi kwenye mchezo wangu. Kikaja kicheko chake tena, kidogo kidogo, kikaishia kwenye ua wake mwenyewe. Nyumba ya tatu hakikufika tena.

Kiswahili changu kilikua. Shuleni nilijifunza maneno mengi, na Peponi nalo likajieleza lenyewe, sikumbuki lini. Nilikuwa najua tayari na bado natoka nje, kama mtu anavyoendelea kuamka mapema hata akiisha kustaafu. Kilichonizuia si neno. Asubuhi moja nilikuwa natembea kwenda shule, nikahisi vidole vyangu vinagusa mchanga kwa mbele. Nikasimama, nikavitazama. Vilikuwa vimepita mwisho wa kandambili, na kisigino nacho kilikuwa nje kwa nyuma. Viatu vilivyonunuliwa vikubwa ili Dija akue navyo.

Sikwenda shule. Nilizivua, nikazichukua mkononi mpaka kwa Mama Dija. Zilikuwa zimefifia buluu yake, na nyayo zake zilikuwa na madoa ya lami ambayo hayakutoka kwa jivu wala kwa mafuta ya taa. Alikuwa mbele ya chuma chake anageuza vitumbua.

"Shikamoo, Mama Dija."

"Marahaba, Anje. Mbona hujaenda shule?"

Nikamwekea kandambili barazani, zimepangwa vizuri, vidole vikielekea mlangoni, kama zilivyokuwa zikiachwa chuoni.

"Hizi hazimtoshi tena," nikasema.

Alizitazama. Mafuta yalikuwa yanachemka, vitumbua vinaanza kuungua kwa chini, na hakuvigeuza. Akainama, akainyanyua moja, akaipima kwenye kiganja chake kuanzia kwenye kifundo cha mkono mpaka kwenye ncha za vidole.

"Hazimtoshi," akasema. "Njoo ukae hapa."

Nikakaa. Akatoa kitumbua cha kwanza, akanipa mimi. Akatoa cha pili, akakishika mkononi muda mrefu bila kujali kwamba kinaunguza, halafu akakila.